Mshika Kamba

Mwaka niliokaribia kumpoteza mume wangu ndio mwaka niliopongezwa kuliko mwingine wowote wa ndoa yangu. Kanisani wanawake walinishika mkono kwa mikono miwili. Sokoni Gakoromone, ninakouza viazi, waru kama tunavyoviita, wenzangu waliniuliza nilimlisha nini, maana waume zao wangali wanatafuna majani ya muguka, ndugu wa miraa, na kurudi nyumbani baa zikifungwa. Mama mkwe wangu peke yake ndiye aliyekunja uso, na mimi nilimcheka. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mume wangu alikuwa mchimba visima. Yeye ni Mmeru wa hapa Meru mjini, mimi nimezaliwa Kanja, kule Embu, na nyumbani tunachanganya Kimeru, Kiembu na Kiswahili mpaka wageni wanatuonea huruma. Kazi yake haikuwa Meru kwenye maji tele. Ilikuwa chini Mbeere, kwenye joto na vumbi, ambako mtu anaweza kuchimba wiki tatu akakuta jiwe kavu. Alifanya kazi na rafiki yake, Mmbeere mmoja mwembamba mwenye mzaha mwingi, aliyewahi kuja kwetu akala mukimo sahani tatu kisha akauliza kama chakula bado. Huyo mwembamba ndiye aliyekuwa akishuka shimoni. Mume wangu, mwenye mabega mapana, alikuwa akibaki juu kumshusha, kupandisha ndoo za udongo na kumlinda. Wenyewe waliita kazi hiyo kushika kamba. Zaidi ya hapo sikujua, kwa sababu mume wangu hakuwa mtu wa kusimulia kazi.

Kisha siku moja kisima kiliporomoka na rafiki yake akiwa chini.

Mume wangu alirudi nyumbani kesho yake na udongo masikioni. Alisema maneno machache tu: "Alikufa hapo hapo. Hakusikia uchungu." Aliyasema kwangu, akayasema kwa mjane, akayasema kwa kila mtu aliyeuliza matangani, yale yale bila kuongeza wala kupunguza. Siku ya mazishi wanaume walipopokezana koleo kufukia kaburi, yeye aliondoka akaenda kusimama barabarani akawapa mgongo. Ndugu yake aliona aibu, akamfuata. Niliwasikia. "Jikaze kisabuni, bro. Wewe hata hukuwa chini. Sasa unalia nini?" Hakuwa analia. Ningemwona analia labda ningeshtuka mapema.

Hayo ndiyo maneno yaliyomfuata kila mahali: hukuwa chini. Watu waliyasema kwa wema, wakimpiga bega. Hukuwa chini, shukuru Mungu. Na kweli hakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mtu akitoka kwenye ajali na mguu uliovunjika tunampelekea maziwa na ndizi, tunamwambia apumzike. Huyu alitoka mzima, nasi tukamwambia shukuru.

Mwezi haukuisha akaacha muguka. Akaacha pombe. Wenzake walipompigia simu aliiacha ilie mpaka ichoke. Jioni nikitoka sokoni namkuta nyumbani, na asubuhi nikiamka namkuta ameshaamka, ameketi kimya. Nilidhani anaomba. Nilipokwenda kanisani Jumapili alivaa koti akanifuata, jambo nililoliombea miaka tisa. Aliketi benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, na mimi nikasema moyoni, unyenyekevu huo.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili. Aliyetoka hai kwenye ajali tunasema ameokoka, na aliyempokea Yesu tunasema ameokoka. Neno hilo lilitupofusha sote. Pasta alimwita mbele atoe ushuhuda. Mume wangu alisimama pale mikono ikining'inia, akasema, "Mimi niliokoka. Lakini ilifaa niwe mimi kule chini. Kila siku naona ilifaa niwe mimi."

Kanisa zima likasema Amina.

Pasta alilifafanua jambo lile vizuri sana, kwamba kila mmoja wetu alistahili shimo, ila neema. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma. Mume wangu alirudi kwenye benchi lake la mlangoni bila kumtazama mtu, na wanawake wakaanza kunishika mkono kwa mikono miwili.

Nyumbani alihamia jikoni. Nalitaja hili kwa uzito, kwa sababu kwa Wameru mwanamume aliyetahiriwa hakai jikoni. Anaweza kupita, anaweza kuulizia chai, lakini kuvuta kigoda akaketi kati ya masufuria ni kujivunjia heshima. Wangu alivuta kigoda. Aliketi pale kutwa, mgongo ukutani, akachambua maharagwe, akamenya waru, na wala hakuzimenya vibaya. Nilitamba sokoni. Nikawaambia wenzangu, nyinyi endeleeni kuomba, mimi nimeshajibiwa.

Mama mkwe alikuja siku moja akamkuta hapo. Alinivuta mpaka kwenye migomba, akaniambia kwa Kimeru kwamba mwanawe hajaketi jikoni tangu atahiriwe, hata siku za njaa, hata siku za mvua ya mawe. "Kuna kitu kinamkimbiza," akasema. "Uliza ni nini."

"Mama, huyo ameokoka," nikamwambia. "Mambo ya kale yamepita."

"Mimi ndiye niliyemzaa. Hebu angalia macho yake."

Nikacheka. Nilimwona mama mkwe kama mama wakwe wengine, mwenye wivu akiona mke anasaidiwa kazi. Wala sikujiuliza swali rahisi ambalo hata mtoto angeuliza: kwa nini jikoni na si sebuleni kwenye viti? Sebule yetu ina mlango mmoja. Chumba cha kulala kina mlango mmoja. Jiko ndilo lenye miwili, mmoja wa uani na mwingine wa shambani, na kigoda chake kilikuwa katikati kabisa.

Kisha zikaja simu.

Niko sokoni, nimeinama kwenye gunia, simu inalia. Ni yeye. "Uko?"

"Niko."

Anakata. Hana salamu, hana swali lingine. Baada ya muda kidogo inalia tena. "Uko?" "Niko." Kata. Ilianza mara tatu kwa siku, ikafika kumi, ikafika nisizoweza kuhesabu. Nikiwa nyumbani haikuwa afadhali. Nikiingia chooni anasimama nje ya mlango: "Uko?" Nikiinamia sukuma wiki nyuma ya nyumba nasikia sauti kutoka jikoni: "Uko?" Nikichelewa kuitika kidogo tu, anatokea mbio, jasho likimtiririka, ananitazama, anarudi kimya kwenye kigoda.

Wenzangu wa sokoni walikuwa na maelezo yao. "Huyo anakuchunga," akasema jirani yangu wa kabichi. "Ameacha pombe sasa amebaki na wivu. Mwanaume lazima awe na kitu."

Nikakubali. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hakawii kuamini. Lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu ambayo sikuitaja kwa mtu. Kuna siku lori lilimwaga kokoto kwa jirani. Niliposikia mshindo nilitoka nikamkuta ameukumbatia mti wa ua kwa mikono miwili, macho wazi bila kuona, suruali imelowa. Nilisimama pale sijui nimguse au nisimguse. Alipozinduka akasema, "Ni jua." Nikasema ndiyo, ni jua. Nikaifua suruali ile upesi kabla mtu hajapita, nikaianika ndani. Nikafikiri ni kisukari. Nilimpeleka kupimwa kidole, sukari ikawa sawa, nikarudi nyumbani nimekosa hata ugonjwa wa kushikilia.

Halafu akampa ndugu yake buti zake za kazi. Buti nzuri, alizozipenda, na kamba yake ndefu pia. Nilimuuliza mume wangu atafanya kazi kwa vifaa gani. "Sitazihitaji," akasema. Ndugu yake alifurahi akaondoka amezivaa. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaongeza na hilo kwenye orodha ya matunda ya wokovu. Lakini kuanzia siku ile nilikuwa naacha kupima waru katikati, nasimama, natazama upande wa nyumbani bila kujua natazamia nini.

Siku niliyokosea zaidi nilikuwa nimekusudia kabisa. Nilikwenda Kanja kwa mama yangu kuchukua maparachichi ya kuuza, na kabla ya kuondoka mjini nilizima simu. Nilitaka kumfundisha adabu. Nikasema leo atauliza mpaka akome. Kule Kanja nilikaa shambani kwa mama, nikanywa uji wake, nikafurahia kimya, na niseme kweli, kimya kile kilikuwa kitamu.

Nilirudi Gakoromone saa tisa. Nilipokaribia eneo langu nilikuta watu wamesimama na simu mikononi, wakicheka, na waliponiona wakaacha kucheka. Magunia ya waru, yangu na ya majirani, yalikuwa yametupwa huku na huku. Jirani wa kabichi alinishika mkono.

"Mzee wako alikuwa hapa," akasema. "Amekuja mbio kwa mguu, hana hata viatu. Watu wa magunia walikuwa wameangusha rundo moja hapo karibu na meza yako. Weh! Huyo mtu ameyarukia. Ameyachimba kwa mikono akiuliza 'Uko? Uko?' Tunamwambia mama hayuko, ameenda Embu, hasikii. Wengine wamesema ni bangi."

"Ameenda wapi?"

"Si ameyatoa yote mpaka chini, akaona hakuna mtu, akaondoka tu hivyo. Na mama," akashusha sauti, "hakuwa na uso wa mtu mwenye wivu."

Sikungoja kukusanya waru. Boda boda aliyenibeba nilimpigia kelele njia nzima aongeze mwendo, nikampigia kelele tena alipoongeza. Nilikuwa najua sasa, bila kujua najua nini. Nilikuwa nikiziona buti zile miguuni mwa ndugu yake.

Nilimkuta jikoni, kwenye kigoda, kati ya milango miwili. Kucha zake tatu zilikuwa zimeng'oka na damu imeganda na udongo wa magunia. Nilisimama hatua mbili mbele yake, na hasira yote niliyoipanga ikaniponyoka. Alinitazama.

"Uko?" akauliza.

Nilikuwa mbele yake, angeweza kunigusa. "Niko, mume wangu."

"Uko?"

"Niko."

Akauliza tena, na tena, nami nikaitika kila mara, nikapiga magoti sakafuni ili sauti iwe karibu. Sijui tuliendelea kwa muda gani. Kisha akasema, "Yeye pia alikuwa anaitika."

Hapo ndipo nilipojua kazi ya mshika kamba. Wachimba visima walitoka makabila mbalimbali na lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili. Aliye juu hamwoni aliye chini, kuna giza na vumbi, na hewa ya chini inaweza kumlewesha mtu bila yeye kujua. Kwa hiyo kila baada ya ndoo mbili tatu mshika kamba huinama kwenye mdomo wa shimo akauliza, "Uko?" Na wa chini hujibu, "Niko." Asipojibu, avutwe haraka. Hiyo ndiyo sheria yao moja isiyovunjwa.

Udongo ulipoporomoka, mwenye shamba alikimbilia barabarani kutafuta watu. Mume wangu akabaki peke yake juu ya shimo. Kamba ilikuwa imefukiwa, haikuvutika. Akauliza, "Uko?" Na kutoka chini ya udongo, mbali, sauti ikajibu, "Niko."

Hakufa hapo hapo. Uongo ule mume wangu aliutunga kwa ajili ya mjane, na aliubeba peke yake.

"Alikuwa anajibu," akaniambia. Alizitazama kucha zake. "Nachimba kwa mikono, nauliza, anajibu. Sauti inapungua. Watu hawaji. Nauliza, anajibu pole pole. Halafu mimi nikaacha kuuliza."

Sikuelewa. "Aliacha kujibu?"

"Hapana. Mimi ndiye niliacha. Niliogopa kuuliza akose kujibu. Kwa hivyo sikuuliza. Labda alikuwa bado anangoja nimuulize."

Nililia, yeye hakulia. Nilifunga vidole vyake kwa kitambaa nilichokuwa nafungia mzigo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakusema habari ya maradhi ambayo watu huyapigia makofi. Jioni ile ile nilikwenda kwa mama mkwe nikamwomba msamaha. Hakunichekelea. Aliniuliza tu kama kuna mtu aliye na mwanawe sasa hivi, nikamwambia ndugu yake amekuja, tena nimemwagiza arudishe buti na kamba kwangu na si kwa mume wangu. Tatizo lilikuwa moja: nilipotaja hospitali mume wangu alisema, "Mimi si mwendawazimu." Asubuhi mama mkwe alikuja amevaa leso yake ya safari, akamwambia mwanawe kifua kinambana na anataka kusindikizwa mjini kupimwa presha. Mwanamume wa Kimeru hawezi kumwacha mama yake aende hospitali peke yake. Alivaa viatu.

Daktari aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ndogo, na alituachia mlango wazi bila kuombwa. Mama mkwe alipimwa presha kweli, ikawa nzuri kuliko yangu. Kisha mwanawe aliitwa ndani, akakaa huko muda mrefu. Baadaye daktari aliniita mimi kando.

"Amewahi kusema heri angekufa yeye?"

Nilifungua mdomo kusema hapana. Nikasikia kanisa zima linasema Amina.

"Amegawa vitu vyake?"

"Buti," nikasema. "Na kamba yake ya kazi."

"Mama, huo haukuwa ushuhuda," akasema. "Alikuwa anaomba msaada. Mmefika kwa wakati." Akaniambia jina la ugonjwa huo, kiwewe, neno nililolijua kutoka vitabu vya shule kama neno la mtu aliyekimbizwa na ng'ombe. Akaniambia wanaume wengi hawaji kwake wakisema wanaogopa. Wanaletwa kwa hasira, au kwa pombe, au wanaletwa wakisifiwa kwamba wametulia. Asikae peke yake kwa sasa, akasema, na akiuliza kama upo, jibu.

Nikajibu. Nilijibu nikipima waru, nikijibizana na wateja, mdomo ukiwa umejaa chapati. Jirani wa kabichi aliacha kunicheka, na siku moja mikono yangu ilipokuwa na matope aliipokea simu mwenyewe akasema, "Yuko, baba, huyu hapa." Kila Alhamisi mama mkwe alipata ugonjwa mpya wa kusindikizwa. Goti, jicho, sikio. Mume wangu alijua, na mama yake alijua kwamba anajua, na hakuna aliyesema.

Miezi ikapita, simu zikaanza kupungua. Zikawa kumi, zikawa sita. Ungedhani nilifurahi. Mimi niliyezichukia simu zile nikaanza kuzihesabu, na kila iliyokosekana ilinikaa kifuani. Daktari alisema kupungua ni kupona. Lakini buti pia nilikuwa nimeambiwa ni wokovu. Ningejuaje kimya cha mtu aliyepona na kimya cha yule mwingine? Kwa nje vinafanana, na mimi nilishawahi kudanganywa na sura.

Ikafika Jumanne moja simu haikulia kabisa. Saa tatu kimya. Saa tano kimya. Ilikuwa siku ya kwanza tuliyokubaliana abaki nyumbani peke yake hadi mchana. Mteja aliniuliza waru nikampa maparachichi. Nilijiambia nisipige, nisimfanye mtoto. Saa sita nikapiga. Ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikalia mpaka ikakatika, na safari hii nikamwelewa mshika kamba kwa mwili wangu wote, maana kidole kilikuwa kwenye simu na sikutaka kupiga mara ya tatu.

Nikapiga.

Ikalia, ikalia, kisha ikapokelewa. Kukawa na pumzi tu.

"Uko?" nikauliza.

"Ee. Niko." Sauti ilikuwa nzito, imekwaruza. "Nilikuwa nimelala."

"Umelala? Saa hizi?"

"Nililala tu. Sijui saa ngapi. Usingizi ulinichukua."

Mtu huyu sikuwa nimemwona akilala usingizi wa kweli tangu siku aliyorudi na udongo masikioni. Nilijikalisha juu ya gunia. "Umelala wapi? Jikoni?"

"Hapana. Chumbani."

"Na mlango?"

Nikasikia kitanda kikilia, anageuka kutazama.

"Nimeufunga," akasema, kama aliyeona jambo hilo sasa hivi.

Nililia pale pale mbele ya watu, kwa sauti, bila kujali nani ana simu mkononi. Mama mmoja aliyekuwa akichagua waru aliuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, ni mume wangu, amelala. Kisha nikamwambia mume wangu arudi alale, na kwamba nikifika nyumbani nitagonga.